Siku Wa Nne Alipovuta Pumzi

Kama umewahi kusikiliza rege ya maombi, ile ya kumlilia Mungu na kuilaani Babiloni, basi umeshanisikia, tena mara nyingi. Jina langu hulijui na sura yangu hukuiona kwenye jalada lolote. Lakini pale mwanamume anapoimba habari za Sayuni, na nyuma yake wanawake wanaitika "aah", ile "aah" ya katikati ni mimi. Nimezeekea humo. Wanaume walipewa maneno, sisi tukaachiwa kuguna. Ukiuliza utaambiwa wanawake wanaupamba wimbo. Wanaupamba! Kwani sisi maua ya plastiki?

Tulikuwa watatu, wote wa nyumba moja. Mimi kazi yangu ni ususi. Nusu ya rasta za mji huu zimepita kwenye vidole hivi. Sauti ya chini ilikuwa ya binamu yangu, mshonaji, mwembamba mwenye ulimi mkali, ndiyo maana tangu utotoni tunamwita Sindano. Na sauti ya juu ilikuwa ya mdogo wangu, kitindamimba wetu, Kinda. Huyo ndiye mwenye kipaji, na nasema bila kinyongo. Sauti yake haikuwa laini. Ilikuwa na mkwaruzo, kama mlango unaoburuta sakafuni, kisha katikati ya mkwaruzo huo inapanda ghafla na kukutia baridi ya tumbo. Nimeona wanaume wazima wakivua kofia zao.

Sasa kuna jambo ambalo waitikiaji wengi wanalijua na hawapendi kulizungumza mbele za watu. Sauti tatu zikikaa sawasawa, zikakaa kabisa, inasikika ya nne. Iko juu ya zote, nyembamba, haina mwenyewe. Fundi mitambo wetu, Waya, anasema ni hewa tu, kwamba sauti zikigongana zinazaa nyingine. Haya, fundi, tumesikia. Sisi tulimwita Wa Nne na tulimpenda, maana akija tunajua tumeimba vizuri. Sindano alikuwa akimtania, "Karibu Wa Nne, bahati yako huli wala hudai nauli." Hakuwa na maneno, na hakuwa akivuta pumzi. Mtu yeyote anayeimba lazima avute hewa mahali fulani, na ukisimama na mwenzako miaka mbele ya maiki moja unajua anavutia wapi. Wa Nne hakuvuta kamwe. Hatukuwa na sababu ya kumwogopa.

Kinda akaanza kukohoa. Tukasema mafua, tukasema vumbi la saluni, tukabadilisha dawa za nywele. Hospitali wakasema ni uvimbe. Ulikuwa umekaa pabaya, kooni, karibu kabisa na panapotoka sauti, na lazima ukatwe. Daktari hakuficha kitu: anaweza kupona na asiimbe tena, anaweza hata asiongee. Kinda aliuliza maswali yake kwa utulivu, utadhani anauliza bei ya vitambaa. Mimi ndiye niliyelia pale koridoni mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Mama yetu anaishi nasi, chumba cha nyuma ya saluni. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. Anaona mwanga wa dirisha na vivuli vya watu, basi. Tulipomweleza, alisubiri Kinda atoke, kisha akanivuta mkono.

"Uso wake siuoni tena," akasema. "Ninachomjulia ni sauti. Kabla hawajamkata, niletee sauti yake. Sitaki wimbo mzuri, unanisikia? Niletee mwanangu."

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na nilijiapia moyoni kwamba nitaifanya hata kama ni kwa kumng'oa mtu meno.

Mwenye studio ni Nabii. Jina alijipa mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Ndiye mwenye bendi, ndiye aliyeimba mbele yetu miaka yote akiwa amefumba macho, na ana duka la matairi ambalo nyuma yake ndiko iliko studio. Kuta zimepigiliwa trei za mayai na magodoro yaliyochoka. Kati ya chumba cha kuimbia na chumba cha mitambo kuna dirisha la kioo kinene. Kompyuta haitaki, anasema kompyuta ni Babiloni iliyotiwa umeme. Anarekodi kwenye mashine ya tepu, zile tepu pana, na tepu ina njia zake za kuhesabika: ngoma zina yao, besi ina yake, gitaa, kinanda, na kila sauti na njia yake. Zikijaa zimejaa. Ukitaka kuweka kipya lazima ufute cha zamani.

Alitupa siku moja, Jumamosi, baada ya Sindano kumsimamisha mbele ya wateja wake na kumuuliza kama Sayuni wanawake wataingilia mlango wa jikoni. Watu walicheka, Nabii akatoa funguo.

Studio hiyo ina desturi moja. Wimbo wa maombi hauanzi mpaka Aliye Juu atajwe kwenye maiki. Kwanza Jina, ndipo ngoma. Na anayelitaja ni Nabii, siku zote, hata kwenye nyimbo tulizotunga sisi. Ukisikiliza rekodi zetu utamsikia, anaunguruma kwanza yeye, ndipo wengine turuhusiwe kumwomba Mungu. Siku ile alikuja na kofia yake ya sufi, akajisafisha koo na kusogelea maiki. Kinda akasimama mbele yake.

"Leo hapana, kaka," akasema. "Wimbo huu nataka uanzie mdomoni mwangu."

"Basi litaje wewe."

"Nao hauna Jina. Nimeutunga hivyo. Maneno yake ya kwanza ni 'njoo'."

Nabii alitazama dari kama mtu anayehesabu mpaka kumi. "Dada yangu, huo ni mlango umeufungua bila kusema unamfungulia nani."

"Anayeitwa anajijua," Kinda akajibu, na Sindano akapiga makofi. Nilipiga na mimi. Nilifurahi mno kumwona Nabii akirudi kwenye matairi yake na kofia yake mkononi.

Asubuhi yote ilienda kwenye ngoma na besi. Mdundo ulitoka mzito, wa taratibu, ule unaousikia miguuni kabla ya masikioni. Mimi na Sindano tukaweka viitikio vyetu. Zikabaki njia mbili kwenye tepu: moja ya Kinda, na moja ya tarumbeta ambayo Nabii alisisitiza lazima iwemo, maana wimbo wa wanawake peke yao ungemwasha mwili. Kinda akaingia peke yake chumba cha kuimbia, akavaa hedifoni, akafunga mlango. Sisi tukabaki upande wa mitambo na Waya.

Akaimba.

*Njoo, nyumba imefagiliwa,*
*njoo, taa nimeiwasha,*
*ukae ndani yangu, usiondoke.*

Ubeti wa kwanza ulinitoa machozi. Wa pili alikuwa katikati ya mstari kikohozi kikamshika. Alijaribu kukimeza, kikamshinda. Akavua hedifoni, akazitundika kwenye kiti, akatupungia mkono kupitia kioo kwamba anakwenda kunywa maji, na akatoka kwa mlango wa uani. Nilimwona kwa dirisha dogo akiinama kwenye bomba, jua la mchana likimpiga mgongoni.

Waya alikwisha kunyoosha kidole aisimamishe mashine. Hakuisimamisha.

"Dada," akaniambia polepole. "Tazama mshale."

Kila njia ina mshale wake, mdogo, nyuma ya kijioo. Sauti ikiingia unaruka, ikikatika unalala. Mshale wa Kinda ulikuwa unaruka. Nikatazama chumba cha kuimbia. Kiti, hedifoni zinaning'inia, maiki imesimama, mtu hakuna. Na kwenye spika wimbo unaendelea. Ubeti wa pili, maneno yote, kuanzia pale pale kikohozi kilipoukata. Sauti ya kike, safi, nyororo, haina hata chembe ya mkwaruzo. Niliitambua mara moja, kwa sababu nimeisikia juu ya kichwa changu maisha yangu yote. Ila safari hii ilikuwa na maneno, na mwisho wa mstari ikavuta pumzi. Ilivutia palepale anapovutia Kinda.

Sindano alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi kama vya mtu aliyetoka kufua. Waya ana majibu ya kila kitu, siku ile alikaa na mdomo wazi kama samaki. Wimbo ukafika mwisho, mshale ukalala, tepu ikasimama.

Kinda akarudi, kidevu kinadondosha maji. "Jamani, nimeharibu wapi?"

Waya, kwa mazoea tu, mikono yake ikifanya kazi bila kumuuliza, akarudisha tepu nyuma na kuipiga. Tukasikia mkwaruzo wa mdogo wangu, tukasikia kikohozi, na baada ya kikohozi ile nyingine. Kinda akaweka mkono kifuani.

"Hii niliimba mimi?"

Nikafungua mdomo. Sindano akaniwahi. "Sasa nani mwingine? Wa Nne?" Akacheka, cheko la uongo kabisa. Baadaye aliniambia alimhurumia, mtu anakwenda kukatwa koo, utamwambiaje habari kama ile? Namwelewa. Lakini siku ile ningeweza kumzaba kofi.

Kinda alilia. Alilia kwa furaha, akifuta pua kwa mkono wa blauzi. "Kumbe imo," akasema. "Kumbe siku zote ilikuwa imo."

Nabii akatokea mlangoni, mikono myeusi kwa mpira wa matairi. "Nani anaimba hivyo?" Akaomba arudiwe, akasikiliza akiwa amefumba macho kama kawaida yake. "Hiyo ni sauti ya mbinguni. Miaka yote, mama, ulituficha hiyo ukatupa ile ya kukwaruza?"

Moyo uliniuma nikamtazama mdogo wangu, nikamwona anatabasamu. Anaambiwa sauti yake mwenyewe haifai, naye anatabasamu.

"Imba tena," nikamwambia.

"Dada, ya nini? Hii imetoka nzuri."

"Imba wimbo wote, mwanzo mpaka mwisho, ukikohoa kohoa humo humo. Mama amesema hataki uzuri. Nifanyie mimi."

Akanitazama, akaona sitanii. Akaingia. Waya akaiweka kwenye njia iliyokuwa ya tarumbeta. Na nakwambia, sijawahi kusikia uimbaji ule, wala sitausikia tena. Sauti ilikuwa imechanika. Alikuwa akifika juu na kukuta hakuna kitu, anapita hivyo hivyo juu ya utupu, kisha anakamata tena mbele. Alikohoa na kuomba samahani ndani ya wimbo, "samahani Mama", na akaendelea. Nilijua ninalo ninalolitaka. Nilijua Mama atalia, na atalia kwa mtu sahihi.

Alipotoka, Nabii hakumsifu. Alimsubiri aondoke na Sindano kwenda kufunga mzigo wa hospitali, kisha akamwambia Waya bila hata kupunguza sauti, "Mpiga tarumbeta anakuja Jumatatu. Hiyo ya mwisho ifute, tubaki na ya mbinguni." Akarudi dukani, kuna gari lilikuwa linapiga honi.

Tukabaki mimi na Waya. Nje watu walikuwa wakigonga rimu kwa nyundo, jua limejaa uani, kazi za watu zinaendelea. Nikamwambia anitolee kaseti ya ile ya mwisho, ya Mama. Akaitoa. Kisha nikamwambia, "Sasa futa ile nyingine."

"Ile nyingine mimi siigusi."

"Unaiogopa?"

"Ndiyo," akasema. "Wewe huiogopi?"

Niliiogopa. Lakini niliona mbele: wimbo ukitoka kwa sauti ile, redioni, sokoni, kwenye mazishi ya watu, wote watasema huyo ndiye Kinda. Watamkumbuka mwingine. Na Kinda akitoka hospitali bubu, atakuwa akijisikiliza na kumsikia mwingine. Hapana. Nikamuuliza Waya kitufe ni kipi, akanionyesha kwa kidevu, mikono ameificha kwapani. Nikakibonyeza mwenyewe. Tepu ikazunguka, mshale umelala, nikakaa palepale mpaka mwisho. Tarumbeta ya Nabii ipate njia, si ndiyo aliyoitaka?

Tukairudisha kusikiliza kama imefutika. Nilivaa hedifoni. Kulikuwa na ule mvumo mdogo wa tepu tupu, kama mchele unamiminwa mbali, wimbo mzima hivyo. Nikaanza kuzivua. Ndipo mwishoni kabisa nikasikia mtu anavuta pumzi. Pumzi moja, ndefu, ya kujaza kifua, ile unayoivuta ukiwa tayari kuanza. Tepu ikaisha hapo.

Wapo wanaoniuliza kama najuta. Sijuti. Ningerudishwa pale ningekibonyeza tena kitufe kile, maana lipi lingine ningefanya?

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari, mwanamke mchangamfu mwenye miwani kichwani, alimkataza kuongea mpaka kidonda kikauke, na Kinda alikuwa akituamuru kwa macho na vidole kama trafiki. Alikuwa Kinda yuleyule. Alininyang'anya uji wangu. Alimkata jicho Sindano kwa kuvaa gauni lisilopigwa pasi. Nikaanza kupumua. Nilijisemea, hata akibaki bubu, huyu ninaye.

Siku ya kuruhusiwa kuongea, tulikuwa wote kitandani pake. Daktari akamwambia, "Haya, polepole. Sema neno moja."

Kinda akanitazama. "Dada," akasema.

Sindano akapiga vigelegele, wodi nzima ikageuka. Daktari akapiga makofi. Mimi nywele zilinisimama kuanzia shingoni. Ilikuwa safi. Ilikuwa nyororo. Hakukuwa na mlango unaoburuta, hakukuwa na chochote cha nyumbani kwetu ndani yake.

"Dada, mbona hivyo? Husemi kitu?"

"Nafurahi," nikasema.

Nilimfuata daktari koridoni. Nilimwambia ile si sauti ya mdogo wangu. Hakunicheka, Mungu ambariki. Alinieleza kwamba uvimbe ule yawezekana ulikuwapo miaka mingi, mdogo, unakua taratibu, na kwamba mkwaruzo tuliouzoea ulikuwa ugonjwa. "Pengine hamjawahi kusikia sauti yake halisi," akasema. "Ndiyo mnaisikia sasa." Sindano alishika hapo hapo na hajapaachia mpaka leo. Ananiambia nina wivu. Pengine. Lakini Sindano naye ameimba na Kinda tangu wakiwa hawana meno ya mbele, na nilimwona anatega sikio kama mimi. Kinda alikuwa akivuta pumzi mahali pasipo pake. Anavuta katikati ya neno, anasahau, anaishiwa, anavuta tena, kama mtu aliyeanza juzi.

Tulimleta nyumbani kwa teksi. Njia nzima aliongea, dereva akamwambia angepaswa kuwa mtangazaji. Akaongea na wateja saluni, wakamkumbatia, wakashukuru Mungu. Mimi nilikuwa nimebeba begi lake na nilipunguza mwendo, kwa sababu mlango wa chumba cha Mama ulikuwa wazi na Mama alikuwa ameketi kitandani, amevaa nguo yake nzuri, uso ameuelekeza dirishani.

Kinda akaingia mbele yangu. "Mama, nimerudi."

Mama aligeuka. Akatabasamu tabasamu la adabu, lile la kumpokea mtu usiyemjua.

"Karibu, mama, karibu. Pita uketi." Kisha akanitafuta mimi kwa uso wake, akausikia mlio wa viatu vyangu. "Mwanangu je? Mmemwacha hospitali?"

"Mama, ni mimi." Kinda alicheka, akapiga magoti, akachukua mikono ya Mama na kuiweka mashavuni mwake. "Ni mimi, Kinda. Nimepona."

Mama akampapasa. Akapita kwenye paji la uso, kwenye nyusi, kwenye kovu la utotoni kidevuni, akashuka mpaka kwenye bandeji ya shingo. Alichukua muda wake.

"Uso ni wake," akaniambia mimi, kwa sauti ndogo, kama Kinda hayupo. "Mwambie aongee."

"Naongea, Mama. Si nakuongelesha?"

"Mwambie aongee yeye."

Kinda alinigeukia, machozi yamemjaa. "Dada, mpigie ule wimbo. Ile niliyoimba vizuri. Akinisikia mle atanijua ni mimi, sauti ni hiihii."

Alikuwa hajui. Nilikuwa sijamwambia, nilisubiri apone kwanza. Ningefanyaje? Kaseti ilikuwa tayari kwenye redio kando ya kitanda, Mama alikuwa akiisikiliza kila siku tangu Kinda alazwe. Nikabonyeza.

Besi ikaingia, na nyuma yake mdogo wangu, na mkwaruzo wake na kila kitu. Alikosa juu, akapita, akakamata. Akakohoa. *Samahani Mama.*

"Huyo," Mama akasema. Aliitoa mikono yake usoni kwa Kinda na kuielekeza kwenye redio, akaipapasa spika ile kwa vidole. "Huyo hapo. Nakusikia, mwanangu. Si kitu, kohoa tu. Sogea."

Kinda alinitazama. "Ile nyingine niliifuta," nikamwambia. Alielewa nilichokifuta na kwa nini, nilimwona anaelewa, na sikuweza kumwangalia machoni.

Kisha Kinda akajivuta kwa magoti mpaka karibu na redio, uso wake karibu na mikono ya Mama, na akaanza kuimba juu ya ile kaseti. Alikunja shingo. Alijikoholesha, akajikwangua koo kwa makusudi, bandeji ikaanza kupata doa jekundu, akatafuta ule mkwaruzo kwa nguvu zake zote ili mama yake amjue. Nilimshika mabega nikimwambia basi, mdogo wangu, basi, utajiumiza. Akanisukuma na kujaribu tena, na tena, na kila alipojaribu sauti ilitoka safi.